Nyumba ya Nyuki Wapweke Bustanini: Mwongozo Kamili kwa Wakazi wa Mtwara na Lindi

Kwa misimu mitatu sasa, watu waliojaribu kuweka nyumba za nyuki wapweke katika bustani zao, kuanzia Mikindani hadi Nachingwea, wamekuwa wakinirudia na lalamiko lilelile: mianzi imefungwa na kutundikwa, miezi imepita, na ndani yake hakuna kitu isipokuwa buibui na sisimizi. Nilipopata nafasi ya kwenda kuzitazama baadhi ya nyumba hizo, nilikuta makosa yanayojirudia, na karibu yote yana chanzo kimoja. Mtengenezaji alimfikiria nyuki anayeruka mchana, ambaye hukaa katika tundu kwa muda mfupi tu, akamsahau buu atakayebaki humo gizani kwa wiki nyingi, bila mama na bila mlinzi, akitegemea ukavu na ukuta mzima peke yake. Kila hatua iliyo hapa chini imeandikwa kwa ajili ya buu huyo.

Ni nyuki gani hao

Nyuki mpweke hana mzinga, hana malkia, na hana asali ya kuvunwa. Kila jike hujenga kiota chake mwenyewe: hutafuta tundu, huleta chavua iliyochanganywa na mbochi (maji matamu ya maua) na kuifanya donge, hutaga yai moja juu ya donge hilo, huziba chumba kwa ukuta mwembamba, kisha huanza chumba kingine mbele ya kile cha kwanza, na huendelea hivyo mpaka tundu linakaribia kujaa. Akimaliza huziba mlango na kwenda zake. Kwa kuwa hana ghala la asali la kulilinda, hana sababu ya kumshambulia mtu. Jike anao mwiba, lakini huutumia anapobanwa kwenye kiganja au ndani ya nguo, na dume hana mwiba kabisa.

Katika bustani za pwani yetu ya kusini utawaona wakata-majani, ambao hubeba chavua chini ya tumbo. Jamaa zao wanaojenga kwa utomvu wa miti au kwa udongo. Nyuki seremala, wale wakubwa weusi wanaotoboa boriti. Na wachimbaji wa ardhi, ambao ndio wengi kuliko wote. Mianzi tutakayoifunga ni ya makundi mawili ya mwanzo. Seremala na wachimbaji nimewatengea hatua yao.

Faida inaonekana katika mbaazi, biringanya na pashoni. Ua la biringanya huficha chavua ndani ya vifuko vyenye kitundu kidogo nchani, na chavua hiyo humwagika vizuri pale tu nyuki anapolishika ua na kulitetemesha kwa misuli ya mabawa. Nyuki wa asali hawezi kazi hiyo, ilhali seremala na baadhi ya wachimbaji huifanya kutwa nzima.

Watu wengi huniuliza kama nyumba hii itavuta kundi la nyuki wa asali mpaka mlangoni kwa watoto. Matundu yenyewe hayatawavuta, kwa sababu kundi la nyuki wa asali hutafuta uwazi mkubwa wa kuning'iniza masega, na tundu linaloingia penseli haliwafai. Hatari ipo pale tu unapoacha nafasi tupu nyuma ya mianzi ndani ya kasha, na nitaeleza namna ya kuiziba.

Vitu vya kuandaa

Kusanya vitu vyote kabla ya kuanza, kwa sababu kazi inayoachwa nusu ndiyo inayowekwa nje ikiwa na mapengo.

- Mianzi myembamba au matete makavu, vya kutosha kutoa vipande 40 hadi 60 vyenye tundu la milimita 4 hadi 10. Nusu ya vipande au zaidi iwe kati ya milimita 6 na 8.
- Msumeno wa kukatia chuma, wenye meno madogo.
- Msasa laini, na spoku ya baiskeli iliyonyooka.
- Kasha la mbao lisilo na upande mmoja, au mtungi wa udongo uliovunjika shingo.
- Udongo wa mfinyanzi kiasi cha kikombe kimoja.
- Makuti, na kipande cha bati ukikipata.
- Nguzo moja imara ya urefu wa mita mbili, misumari na waya.
- Waya wa kuku wenye matundu mapana ya inchi moja.
- Grisi na kitambaa chakavu.
- Kisahani, na penseli ya kuandikia tarehe.

Ukiwa na keekee yenye biti za milimita 6 na 8 unaweza kuongeza gogo kavu la mwembe lililotobolewa. Usichukue mbao zilizopakwa dawa ya kuzuia wadudu, wala vipande vyenye rangi mbichi, kwa kuwa dawa inayomwua fukusi itamwua na buu.

Hatua ya 1: Kuchagua na kukausha mianzi

Mianzi inayouzwa kwa ajili ya kujengea nyumba za udongo ni mipana mno. Nimeikuta katika nyumba nyingi zilizoshindwa: tundu lake linaingia kidole gumba, na nyuki mdogo akiingia humo hana namna ya kujenga kuta za duara kubwa namna hiyo kwa vipande vya majani. Unachotaka ni ncha na matawi, yaani sehemu ambazo mafundi huzikata na kuzitupa. Waombe kwa adabu. Mara nyingi utapewa bure.

Kipimo changu ni penseli ya kawaida. Penseli ikiingia bila kulazimishwa na isipwaye sana, pingili hiyo ni nzuri. Kisha tafuta chache nyembamba kuliko penseli na chache nene kidogo, kwa sababu spishi ni nyingi na kila moja ina umbo lake.

Mianzi mibichi haifai hata kidogo. Hutoa unyevu kwa wiki kadhaa, unyevu huleta kuvu, na kuvu hulila donge la chavua kabla buu hajalimaliza. Panga mianzi kivulini penye upepo, juu ya mawe ili isiguse ardhi, kwa muda wa wiki sita. Usiikaushe juani, maana itapasuka kwa urefu, na ufa mwembamba kama uzi unatosha kupitisha nyigu vimelea.

*Dalili ya kufaulu:* mwanzi umegeuka rangi ya majani makavu, ni mwepesi mkononi, na ukigongwa na mwenzake unatoa sauti kavu.

Hatua ya 2: Kukata vipande

Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa hiyo soma taratibu. Kila kipande kinatakiwa kiwe na mlango upande mmoja na ukuta upande wa pili. Ukuta huo umeshatengenezwa tayari na mmea wenyewe, nao ni fundo. Kata milimita tano *nyuma* ya fundo, ili fundo libaki zima mwishoni mwa kipande. Kisha pima sentimita 15 kwenda mbele na ukate mara ya pili, kabla ya kulifikia fundo linalofuata. Pingili ikiwa fupi, sentimita 12 zinakubalika, lakini chini ya hapo usikitumie.

Sababu ya urefu huo ni ya ajabu, na ukishaijua hutaipuuza. Jike ana uwezo wa kuchagua jinsia ya mtoto: yai lililorutubishwa hutoa jike, lisilorutubishwa hutoa dume. Huweka mayai ya majike nyuma kabisa ya tundu, mahali penye usalama, na ya madume karibu na mlango, kwa kuwa madume hutoka kwanza na kuwasubiri majike nje. Tundu likiwa fupi, nafasi ya nyuma haipo, na utapata madume wengi kupita kiasi, ambao hawatajenga chochote msimu unaofuata. Mtu anaweza kuona vizibo vingi mwaka wa kwanza, akafurahi, kisha mwaka wa pili akashangaa kwa nini bustani imenyamaza.

Kipande kilicho wazi pande zote mbili ni kibaya kuliko kifupi. Upepo hupita ndani, mwanga huingia, na nyuki hukagua mara moja na kuondoka. Elekeza kila kipande kwenye jua na uchungulie: ukiona nukta ya mwanga upande wa pili, chukua udongo wa mfinyanzi uliolowa kidogo, usindilie nyuma kwa kina cha sentimita moja, uache ukauke siku tatu.

Baada ya kukata, zungushia kitambaa kwenye spoku na usugue ndani ili utoe unga na utando mweupe. Kisha piga msasa mdomoni mpaka kidole chako kisihisi ncha yoyote ya kuchoma. Nyuki huingia kichwa kwanza na kutoka kinyumenyume, na baadaye huingia kinyumenyume ili atage. Kijiti kimoja kilichochomoza humchana mabawa, na mabawa yaliyochanika hayaponi.

Ikiwa unatumia gogo, toboa kwa kina kirefu kadiri biti inavyofika bila kutokea upande wa pili, na safisha unga wote.

*Dalili ya kufaulu:* ukipuliza mlangoni pumzi inarudi usoni kwako, na ukipitisha pamba mdomoni hainasi.

Hatua ya 3: Kupanga ndani ya kasha

Weka vipande vyote kasha likiwa limelala, milango ikitazama nje, na fundo likigusa ukuta wa nyuma. Visukume mpaka vibanane. Kipande kinachocheza hutikiswa na upepo, na yai lililoanguka kutoka juu ya donge la chavua halina maisha. Mapengo kati ya vipande yajaze kwa matete membamba au udongo, na kama kuna uwazi nyuma ujaze kwa udongo uliochanganywa na nyasi, usibaki hata wa ukubwa wa ngumi; uwazi ndio unaowaita mavu na, mara chache, nyuki wa asali.

Usivilinganishe mbele kama ukuta uliopigwa plasta. Vingine vitokeze sentimita moja, vingine virudi nyuma. Jike anaporudi na mzigo huutambua mlango wake kwa kukumbuka maumbo yaliyo jirani, na sehemu ya mbele iliyo sawasawa humfanya apoteze muda akijaribu milango ya wenzake.

Mimi nimependelea mtungi wa udongo kuliko kasha la mbao. Udongo hupumua, hauliwi na mchwa, na joto lake hupanda polepole. Ndoo ya plastiki ya rangi, ambayo watu wengi huitumia kwa sababu ipo, hushika jasho usiku na kuoka mchana; nawaomba muiache.

Hatua ya 4: Mahali na mwelekeo

Nyumba nzuri mahali pabaya haina kazi. Miongozo mingi imeandikwa kwa ajili ya nchi za baridi, ambako wanashauriwa kuiweka nyumba kwenye jua la kutwa nzima. Ukifanya hivyo Lindi mjini mwezi wa Desemba utawapika mabuu ndani ya vyumba vyao.

Kwetu milango itazame mashariki, au mashariki ikielekea kaskazini kidogo. Jua la asubuhi, tangu saa moja hadi saa nne, huwapasha joto nyuki na kuwawahisha kazini. Kuanzia saa sita nyumba iwe kivulini, ama kwa ukuta ama kwa mti ulio upande wa magharibi. Mwelekeo huo una faida ya pili: upepo wa kusi, unaokaza kuanzia Mei, utagonga zaidi ubavu wa nyumba kuliko milango. Kaskazi nao huvuma katika miezi ya mvua, kwa hiyo paa lazima litokeze mbele ya milango kwa sentimita 10 au zaidi, na kasha liinamishwe mbele kidogo sana ili tone lililoingia litoke.

Paa la bati tupu ni tanuri. Tandika makuti juu yake, au tumia makuti peke yake kwa tabaka nene na uyabadilishe kabla ya mvua za Novemba.

Simika nguzo ardhini kwa kina cha nusu mita, nyumba iwe kimo cha kifua chako, na uikaze kwa misumari na waya mpaka isitikisike. Usiitundike kwa kamba. Nyumba yangu ya kwanza niliitundika kwenye tawi la mwembe kwa sababu ilipendeza macho, na ndani ya wiki mbili majimoto, wale sisimizi wekundu wa mitini, walikuwa wameshusha njia yao kwenye kamba na kutoa kila kilichokuwemo. Viota nane vilikuwa vimekwisha kuzibwa. Sijasahau.

Ukishaisimika usiihamishe. Jike akitoka mara ya kwanza huruka kwa mizunguko akiutazama mlango wake, na hivyo huikariri sehemu. Ukisogeza nyumba hatua mbili tu atarudi palepale pa zamani na kuzunguka hewani mpaka achoke.

*Dalili ya kufaulu:* saa mbili asubuhi jua linaangaza milangoni, saa nane mchana mkono wako ukiwekwa juu ya kasha unahisi uvuguvugu na si moto, na baada ya mvua ya usiku milango ni mikavu.

Hatua ya 5: Kuzuia wanaotembea kwa miguu

Paka grisi kwenye nguzo, mkanda mpana wa sentimita 15, nusu ya kimo kutoka ardhini. Huo ndio ulinzi dhidi ya sisimizi, siafu na majimoto. Hakikisha hakuna tawi, ua wa miti au jani la mgomba linalogusa nyumba, kwa sababu majimoto hawahitaji nguzo ikiwa wana daraja. Grisi hujaa vumbi, kwa hiyo ipake upya kila baada ya wiki tatu, na isipakwe karibu na milango, ambako nyuki wenyewe watanasa.

Majimoto usiwaue bustanini. Ni walinzi wakubwa wa mikorosho dhidi ya mbu wa mikorosho (mdudu anayefyonza machipukizi, si mbu wa kuuma watu), na mkulima yeyote wa Tandahimba atakwambia hivyo. Watenganishe tu na nyuki wako.

Kwa mchwa, chagua nguzo ya mti mgumu au uichome kidogo kwenye moto sehemu inayoingia ardhini. Mijusi na ndege wazuie kwa waya wa kuku uliokunjwa mbele ya nyumba kwa umbali wa kiganja. Ukiubandika karibu sana utamgonga nyuki anayerudi na jani.

Hatua ya 6: Chakula, majani na tope

Jike hutafuta chakula karibu na kiota, na wale wadogo hawaendi mbali, hivyo maua yaliyo shamba la mbali hayawasaidii. Ndani ya hatua mia moja pawe na kitu chenye ua katika kila mwezi wa msimu. Msimu wa mvua huwa si tatizo: maboga na kunde vinachanua, na ufuta hufuata mvua zinapoelekea ukingoni. Baada yake mbaazi huchanua na kuwa karamu ya wakata-majani na seremala, na mikorosho hufuata kiangazi.

Tatizo ni Septemba na Oktoba, ambapo bustani nyingi huwa kavu kabisa. Panda rehani na uimwagilie maji ya kuoshea vyombo yasiyo na sabuni nyingi. Iache ichanue, usiikate kila mara kwa ajili ya jikoni. Mlonge mmoja uani nao husaidia sana. Najua kuwa juu ya uwanda wa Makonde, Newala na pande zake, maji ni mali, na simshauri mtu amwagilie maua ilhali nyumbani pana uhaba. Mashina manne ya rehani karibu na bafu yanatosha.

Wakata-majani wanahitaji majani laini. Hukata kipande cha duara au cha yai kwa taya, wakakipindisha chini ya mwili na kuruka nacho. Mbaazi, waridi na bogenvilia wanazipenda. Utakuta kingo za majani zina nusu duara safi, kana kwamba zimepigwa kwa mashine ya kutobolea karatasi. Tafadhali usizipulizie dawa ukidhani ni ugonjwa. Bibi mmoja jirani yangu alikuwa ameshashika bomba la dawa mkononi nilipomwonyesha nyuki mwenyewe akiingia kwenye mwanzi na kipande cha bogenvilia yake. Tangu siku hiyo ananiita kila anapowaona.

Kwa wale wanaojenga kwa udongo, weka kisahani chenye udongo wa mfinyanzi uliolowa, kivulini, umbali wa hatua tano. Uwe tope zito, pasiwe na maji yanayosimama, maana maji yaliyosimama ni kitalu cha mbu.

Usimwage asali wala maji ya sukari milangoni. Haviwaiti nyuki wapweke. Vinawaita sisimizi, na asali inaweza kubeba magonjwa.

Hatua ya 7: Kusubiri, na kusoma vizibo

Nyumba iwe tayari ifikapo Aprili, kabla mbaazi hazijachanua. Kisha subiri. Wiki sita bila mgeni ni jambo la kawaida, na msimu mzima wenye vizibo vitatu tu si aibu. Usiwakamate nyuki kwa chupa na kuwaingiza kwa nguvu, hawatabaki.

Kila Jumamosi asubuhi tazama milango na uandike tarehe kwa penseli pembeni ya kizibo kipya. Kizibo hukwambia aliyekiweka:

Majani ya duara yaliyopangwa tabaka kwa tabaka ni kazi ya mkata-majani. Utomvu unaong'aa, wakati mwingine ukiwa na punje za mchanga, ni wa jamaa zake wajenzi wa utomvu. Udongo mkavu unaweza kuwa wa nyuki, lakini mara nyingi ni wa nyigu mpweke anayewinda viwavi na kuwahifadhi kama chakula cha mtoto wake. Nyasi ndefu zilizochomoza kama ndevu ni za nyigu mwingine, mwindaji wa nyenje na jamii yake. Nyigu hao waache. Mmoja wao huondoa viwavi wengi kwenye kunde zako kwa msimu. Utando mweupe wa hariri ni buibui, huyo mtoe kwa kijiti.

Utamwona pia nyuki mwenye mkia uliochongoka kama mkuki, asiyebeba chavua yoyote, akizurura mlango hadi mlango. Huyo ni mdoezi: hutaga yai lake katika chumba cha mkata-majani, na buu wake hula chakula kisichokuwa chake. Wachache wapo kila mahali na si ishara ya kushindwa. Wakiwa wengi kuliko wenye nyumba, umeweka matundu mengi mno mahali pamoja. Gawa nyumba iwe mbili msimu ujao, moja kila upande wa bustani.

Kwa joto letu, tangu yai mpaka nyuki mzima ni kiasi cha mwezi mmoja hadi miwili, ingawa baadhi ya mabuu hulala usingizi wa kiangazi na kusubiri mvua. Kwa sababu hiyo usifungue kizibo ukidhani kimekufa.

*Dalili ya kufaulu:* kizibo kina tundu safi la duara katikati, lililotobolewa kutoka ndani.

Hatua ya 8: Wakati wa kupulizia mikorosho

Kuanzia Juni mashine za kupulizia husikika kila upande. Salfa hupigwa dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu mweupe, na viuadudu dhidi ya mbu wa mikorosho. Hivyo vya pili ndivyo hatari zaidi kwa nyuki. Zungumza na jirani mapema, umwombe akujulishe siku ya kupulizia. Jioni iliyotangulia, nyuki wakiwa wameingia ndani, funika nyumba kwa kanga nyepesi iliyolowa kidogo, na uiondoe mara upuliziaji unapokwisha asubuhi na vumbi likatua. Usiiache mpaka mchana, maana watakosa hewa na kuungua.

Kwenye bustani yako mwenyewe usipulizie mmea ulio na maua. Ikibidi kabisa, fanya hivyo jioni baada ya jua kuzama, kwenye majani tu.

Hatua ya 9: Wachimbaji na seremala

Wachimbaji hawahitaji kujengewa, wanahitaji kuachwa. Tenga sehemu ya mita moja kwa moja penye jua, udongo tupu usio na maji yanayotuama, usiichimbe wala usiifagie kwa fagio la chelewa kila asubuhi. Ukiona vichuguu vidogo vya mchanga vyenye kitundu katikati, weka mawe manne pembeni ili watoto wasikanyage. Kuta za nyumba kuukuu za udongo nazo hutumiwa. Matundu machache hayaangushi ukuta.

Jioni, ukipita taratibu karibu na rehani, huenda ukawakuta madume wa baadhi ya wachimbaji hao wamelala safu moja kwenye kijiti kikavu, kila mmoja ameking'ata kwa taya na miguu imekunjwa. Kwangu hakuna jambo zuri kuliko hilo katika kazi hii yote.

Seremala mpe gogo kavu la mti laini, unene wa paja, lililoinuliwa juu ya mawe chini ya upenu. Akiwa na gogo hilo huenda akaiacha boriti, na ukipanda pashoni karibu utaona tofauti katika matunda. Dume wa baadhi ya spishi ana rangi ya dhahabu na hukuzingira usoni kwa kelele nyingi, lakini hana mwiba.

Hatua ya 10: Kubadilisha mianzi

Mianzi ile ile ikitumika miaka mingi huwa hoteli ya vimelea na kuvu. Kila mwaka ondoa theluthi moja ya vipande, ukianza na vile vya zamani zaidi kwa tarehe ulizoandika, na uweke vipya.

Vipande vilivyoondolewa vikiwa bado na vizibo visitupwe. Viweke ndani ya kasha lenye giza, funga kila upenyo, acha tundu moja la milimita 10, na ulikalishe chini ya paa la nyumba ileile. Nyuki wanaozaliwa watafuata mwanga na kutoka, na hawatarudi gizani kutaga. Watachagua mianzi mipya iliyo jirani. Subiri mpaka msimu mmoja mzima wa mvua upite, kwa ajili ya wale waliolala. Kipande ambacho kizibo chake hakijatobolewa mpaka mwisho wa Mei kimekufa, na hapo kasha zima lichomwe moto pamoja na mianzi yake, mbali na nyumba mpya.